Mvumishaji Hodari wa Kilombero: Mwongozo wa Kazi

Kazi ya kuvumisha haitaki cheti, haitaki mtaji, haitaki jembe, na katika bonde hili sijui kazi nyingine isiyotaka hata kimoja kati ya hivyo. Mkulima wa mpunga wa Mngeta hungoja miezi kadhaa, tena kama mto utamwachia shamba lake. Mkata miwa wa Kidatu hulipwa kwa alichokata. Wewe utatuma ujumbe chai ikiwa mezani, na kabla hujamaliza andazi utakuwa umeshafika Mlimba, Malinyi na Mahenge bila kupanda basi. Unachohitaji ni simu janja, bando la siku, na moyo usiopenda maswali.

Cha kwanza ni kuchagua bidhaa. Wanafunzi wengi hupoteza bando kwa uongo usiomgusa mtu. Ukivumisha kwamba mfalme wa nchi ya mbali kaoa mke wa kumi, watu watacheka, wataendelea kupepeta mchele. Gusa mtoto. Gusa chakula. Gusa uzazi. Na ukitaka kufuzu, gusa vyote vitatu kwa mpigo, kama walivyofanya watangulizi wetu hapahapa mkoani Morogoro mwaka 2008.

Mwaka huo dawa za kichocho na za minyoo ya tumbo zilipelekwa katika shule za msingi ili watoto wameze kwa pamoja. Ni utaratibu wa kawaida: mtoto anasimamishwa kando ya fimbo yenye alama, urefu wake unaonyesha idadi ya vidonge, anapewa maji, anameza, anarudi darasani. Baadhi ya watoto wakaanza kuumwa tumbo, kutapika na kusikia kizunguzungu. Habari ikatoka nje ya geti la shule. Dawa ni bandia. Dawa haijawahi kujaribiwa kwa binadamu, inajaribiwa kwa watoto wetu. Dawa ni ya kuwafanya wasizae. Watoto wanakufa. Wazazi wakakimbilia shuleni, vurugu zikazuka, polisi wakaingia, na ugawaji ukasimamishwa. WhatsApp haikuwapo, ilianzishwa mwaka uliofuata. Nawaambia hivi ili msikate tamaa siku bando likiisha.

Tuliangalie tukio hili vizuri, maana lina mafunzo mengi kuliko semina yoyote. Mvumishaji wa 2008 hakulazimika kutunga sana. Nusu ya habari ilikuwa kweli. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, huweza kuleta kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo, hasa kwa mtoto aliyemeza bila kula, na zaidi kwa mwenye minyoo mingi, kwa sababu minyoo inapokufa mwilini haifi kimyakimya. Kwa hiyo yule aliyekuwa mgonjwa zaidi ndiye aliyeonekana kudhuriwa zaidi na tiba. Mzazi aliyemwacha mwanawe asubuhi akiwa mzima, akamkuta saa nne akitapika, hakuwa mjinga kuogopa. Alikosa kitu kimoja tu: mtu wa kumweleza mapema. Matayarisho ya kuzungumza na wazazi yalikuwa hafifu, na pale maelezo yalipokosekana sisi tukaweka ya kwetu. Tuwashukuru wote waliodhani kwamba sanduku la vidonge na barua yenye muhuri vinatosha.

Hofu yangu ni siku mwalimu mkuu atakapoita kikao wiki moja kabla, akasema: wazazi wenzangu, Jumatano watoto watameza dawa ya kichocho, wale uji kwanza, na baadhi yao watajisikia vibaya kwa saa chache, wengine watatapika, sababu ni hii, na muuguzi atakuwepo shuleni mpaka jioni. Mzazi aliyekwisha kuambiwa kwamba mtoto anaweza kutapika, siku mtoto akitapika haoni njama. Anaona aliyoambiwa. Dakika kumi za kikao cha namna hiyo zinatufungia duka kwa muhula mzima. Kwa bahati nzuri, vikao hivyo hugharimu uvumilivu, na ofisi nyingi zina upungufu wa bidhaa hiyo.

Sasa chakula. Kuna wanaodhani bonde la mpunga haliwezi kuuziwa habari ya mchele wa plastiki. Wanatudharau. Video ni ileile miaka yote: mkono unafinyanga tonge la wali, unalirusha mezani, tonge linadunda, sauti inasema, "Mnaona wenyewe tunachokula." Anayeitazama anajua mpunga tangu mbegu hadi pumba, ameshapanda saro, ameshavuna supa, na bado anaituma kwa wanawe walioko Dar es Salaam. Hakuna anayemwambia kwamba wali wowote wenye wanga wa kutosha, ukiupika ukawa laini na ukaufinyanga ukakaza, hudunda. Wala hakuna anayemwambia kwamba kutengeneza punje za plastiki zinazofanana na mchele kungemgharimu mhalifu kuliko kununua mchele wenyewe. Mwezi Desemba 2016 maofisa wa forodha wa Nigeria walikamata magunia 102 wakatangaza kuwa ni mchele wa plastiki. Maabara za nchi hiyo zilipoupima, ulikuwa mchele; kosa lake ni kuwa na bakteria kupita kiasi kinachoruhusiwa. Habari ya kwanza ilimfikia kila mwenye simu. Ya pili iliwafikia waliokuwa wakiitafuta.

Adui yako katika somo hili si mkemia. Ni mama ntilie wa Kibaoni. Huyo hana muda wa kubishana; atachota wali sufuriani mwake, atafinyanga, atadundisha mezani mbele ya wateja, kisha atakula lile tonge. Ukimwona anaanza kunawa mikono, hamia mada nyingine.

Ningeongeza angalizo la kibiashara. Wapo wanaopenda habari hii kwa sababu inausema vibaya mchele wa nje, na bei ya mpunga ikianguka kila mtu anatafuta wa kumlaumu. Lakini mnunuzi wa mjini akishaogopa mchele, anaogopa wote. Gunia halina pasipoti. Mvumishaji wa kweli hajali hilo, hata kama ghala lake mwenyewe limejaa.

Tuje kwenye hazina ambayo miji mingine inatuonea wivu. Ifakara ni mji wa utafiti tangu miaka ya 1950, pale Rudolf Geigy wa Basel alipofungua maabara ndogo ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Kwa zaidi ya nusu karne watu wametembea vijijini wakiwa na chupa, mitego, fomu na maswali. Wamekaa usiku wameacha miguu wazi, wakiwavuta kwa bomba mbu wanaotua. Wamefuga mbu ndani ya nyumba za wavu. Mvumishaji akiyatazama hayo anapaswa kulia kwa furaha. Kinachoudhi ni kwamba ukweli wao mara nyingi unatushinda kwa maajabu. Mimi ningetunga kwamba wataalamu wanatengeneza harufu ya miguu ya watu katika maabara, nani angenisadiki? Na ndivyo ilivyo: mwaka 2010 Fredros Okumu na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ya mchanganyiko wa kemikali unaoigiza harufu ya binadamu, na ulipowekwa kwenye kibanda chake peke yake uliwavuta mbu wengi kuliko mtu aliyelala kwenye kibanda kingine. Lengo ni mtego wa kuwaua mbu nje ya nyumba. Sisi tutasema lengo ni jingine, tutajua lipi tukifika huko.

Uvumi wa chandarua kupunguza nguvu za kiume siupendekezi tena. Umezeeka, na nyumba zenye vyandarua zina watoto wengi mno ambao ni ushahidi mbaya kwetu. Tena katika wilaya za Kilombero na Ulanga uliwahi kufanyika mradi mkubwa wa kusambaza vyandarua vyenye dawa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba miongoni mwa watoto wadogo waliolala ndani yake, vifo vilipungua kwa asilimia 27. Kumwambia mama wa bondeni aache chandarua ni kumwambia amwingize mwanawe katika ile asilimia. Wapo wanaoliweza hilo. Hata kejeli hainifikishi huko.

Wala hainifikishi Iringa-Mvumi. Hicho ni kijiji cha wilaya ya Chamwino, Dodoma. Oktoba 2016 walifika watafiti wawili na dereva wao, kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, kuchukua sampuli za udongo. Uvumi ukapita kwamba ni wanyonya damu. Wakauawa, na gari lao likachomwa moto. Walikuwa na vifaa vya kuchukulia udongo. Kila anayezunguka Idete, Lupiro au Mlimba leo akiwa na chupa za sampuli na beji shingoni anaijua habari hiyo, na ndiyo maana watafiti wenye akili hupita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, hukaa kwenye mkutano wa hadhara, huulizwa maswali ya kuudhi na huyajibu yote kabla ya kutega mtego wa kwanza. Mumiani, mnyonya damu huyo, ni hadithi ya zamani katika pwani na bara letu. Bibi zetu waliisikia kwa bibi zao. Mwendo wake ndio mpya.

Turudi kazini. Umeshapata bidhaa, sasa ufungaji. Usiandike kama ofisa. Taarifa ya ofisi huanza na kumbukumbu namba, ikafuatiwa na "tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu", na inafika mtaani siku tatu baada ya msiba. Wewe andika kama jirani. "Jamani." "Wapendwa." "Nimeumia sana kuandika hili." Weka herufi kubwa kwenye neno moja kati ya matano. Usimtaje mtu anayeweza kupigiwa simu. Mtaje "daktari mmoja", "dada yangu yuko humohumo ndani", "kijana wa usalama, namfahamu". Usiweke tarehe. Ujumbe usio na tarehe hauozi: unatumika masika hii na masika ijayo, na "jana usiku" yake hubaki jana usiku miaka sita.

Lakini maandishi ni ya wanaoanza. Bingwa hutumia sauti. Ingia chumbani, funga mlango ili usikike unafungwa, sogeza simu mdomoni, nong'ona: "Niko wodini hapa, naongea chini chini, msinitaje." Kohoa. Acha kimya cha sekunde mbili. Msikilizaji akiwa peke yake na simu sikioni, huna tena haja ya ushahidi, umeshakuwa siri yake. Siku hizi kuna programu zinazoweza kuigiza sauti ya kiongozi au ya msanii mpaka mkewe akaitika. Nazipita haraka kwa sababu hapa kwetu hazijahitajika sana. Ile ya kunong'ona bado inalipa.

Kuna kero ya kiufundi. Mwaka 2018 uvumi wa wezi wa watoto, uliosambaa kwa WhatsApp nchini India, ulisababisha watu wasio na hatia wauawe na makundi yenye hasira. Wenye kampuni wakaanza kuweka mipaka: mwaka 2019 ujumbe ukaruhusiwa kupelekwa kwa makundi au watu watano tu kwa mara moja, na Aprili 2020, wakati wa korona, ule uliokwisha kuzunguka sana ukabanwa, ukawa unakwenda sehemu moja tu kila mara. Juu yake huwekwa mishale miwili. Ile mishale ni aibu. Inamwambia anayepokea kwamba aliyemtumia hakuandika, wala hamjui aliyeandika. Dawa yake ni kupiga skrinishoti: unatuma picha ya ujumbe, mishale haipo, na habari inaonekana imezaliwa leo asubuhi nyumbani kwako.

Kuhusu picha, usipige, okota. Masika ikiingia na mto Lumemo ukianza kupanda, tafuta picha ya daraja lililokatika nchi yoyote yenye matope mekundu, andika chini yake, "Daraja la Magufuli limekwenda, Ifakara na Mahenge tumetengana." Tuseme umeituma saa moja asubuhi. Saa mbili bodaboda wa Kivukoni wamepandisha nauli. Saa tatu mfanyabiashara wa Lupiro amezuia lori la mpunga. Saa nne mama mwenye rufaa ya kwenda hospitali ya Mtakatifu Francis kujifungua anaambiwa asubiri kwanza. Daraja lipo, mita 384 za zege, magari yanapita. Mafuriko yenyewe hayahitaji msaada wako. Aprili 2024 maji yaliingia majumbani Kilombero na Malinyi bila mtu kuyatungia, na mwezi uliofuata Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa ikitoa taarifa za kimbunga Hidaya kila baada ya saa chache. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba siku taarifa ya kweli itakapokuja kusema hameni, watu wameshachoka kuamini.

Rafiki yako mkuu, kuliko simu, ni kimya cha wakubwa. Nakuomba uliheshimu hili. Mei 2020 hesabu ya wagonjwa wa korona Tanzania ilikomea 509 na vifo 21, kisha haikuendelea kutolewa. Mwezi huohuo Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na kware zilipelekwa maabara kwa majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu kwamba zina korona. Sisi wavumishaji tulipata mwaka mzima wa neema. Mahali ambapo namba rasmi hazipo, kila mtu ana namba zake. Kila nyungu ya kujifukiza ilikuwa na daktari wake, na kila tangazo la msiba likawa na wachambuzi ishirini. Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani, kamera zikitazama. Kulikuwa na soko pia la kupinga: Askofu Josephat Gwajima, wakati huo mbunge wa Kawe, alihubiri dhidi ya chanjo, na waziri wa afya aliyeagiza vyombo vya dola vimhoji athibitishe madai yake aliitwa Dorothy Gwajima. Mvumishaji mzuri angeweza kuishi wiki mbili kwa jina hilo tu. Na Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, wapo waliodhani uvumi nao umezimwa. Ulirudi kwa miguu, kwa bodaboda na kwa simu za ndugu walioko nje, na safari hii hapakuwa na mahali pa kuuhakiki.

Sasa tuwazungumzie maadui, maana mwongozo usiotaja hatari ni utapeli, na sisi hatupendi utapeli.

Kuna vijana wa JamiiCheck na NuktaFakti ambao kazi yao ni kuchukua ujumbe wako na kuutafutia baba. Wanapakia picha kwenye mtandao wa kutafutia na kuonyesha kwamba lile daraja lilikatika nchi nyingine, mwaka mwingine. Jambo hilo linaweza kufanywa na yeyote mwenye simu, kwa muda wa kuchemsha yai, lakini usimwambie mtu. Hata hivyo hao hawanitishi sana. Wako mbali, na majibu yao hukaa kwenye kurasa ambazo shangazi yako hazifungui. Anayenitisha yumo ndani ya kundi lenyewe. Katika kila kundi la majirani Ifakara kuna muuguzi mstaafu, ambaye huwa kimya tangu Jumatatu mpaka Jumamosi. Tuseme wewe ni Juma, na umeandika:

"JAMANI msiwaache watoto nje. Kuna Noah NYEUSI inaiba watoto, jana wamechukua WAWILI. Sambaza uokoe maisha."

Baba Rehema anajibu, "Mungu wangu." Mama Eliza anaweka nyuso tano zinazolia. Mambo yanakwenda vizuri. Kisha:

"Hamjambo wanangu. Juma, hao watoto ni wa nani?"

"Shikamoo bibi. Mimi nimetumiwa tu."

"Marahaba. Umetumiwa na nani?"

"Kuna kundi la kwaya, bibi."

"Mpigie aliyekutumia umuulize kaipata wapi. Mimi nampigia mwenyekiti wa mtaa."

Hapa ndipo wengi hukosea, hubishana. Usibishane. Baada ya robo saa atarudi:

"Nimeongea na mwenyekiti. Hakuna mzazi aliyekwenda kwake wala aliyefika polisi. Noah nyeusi ninayoijua mimi ni ya mwanangu Hamisi, anabebea mchele, na sasa hivi yuko nyumbani anaogopa kutoka. Juma mwanangu, futa hiyo habari, kisha andika hapahapa kwamba si kweli, wasije wakamuumiza mtu."

Tazama alivyofanya. Hakusema wewe ni mwongo. Hakuleta takwimu. Hakunukuu sheria. Aliuliza maswali mawili ambayo huna majibu yake, akapiga simu moja, akaleta majibu palepale ulipotupia habari, kwa sauti ambayo kundi zima linaiheshimu. Kama kila kundi bondeni lingekuwa na mtu wa namna hiyo mmoja tu anayejibu ndani ya robo saa, mimi ningelazimika kulima. Mbaya zaidi, watu wameanza kumwiga. Nimeona vijana wa kijiwe cha bajaji wakiulizana "umetumiwa na nani?" kwa utani, na utani huo unaharibu biashara.

Kuna na sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inasema anayechapisha taarifa za uongo akijua ni za uongo anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Shilingi milioni 5 ni magunia mengi ya mpunga. Usiogope sana. Aliyetunga habari ya Noah hajulikani na hatajulikana. Anayepatikana kirahisi ni Juma. Tena sheria kali ina faida kwetu ambayo watunga sheria hawakuikusudia. Jirani mwenye habari ya kweli, aliyeona maji yakipanda au dawa ikiuzwa bila kibali, husita kuandika asije akaitwa kituoni kuthibitisha. Mwoga wa namna hiyo akinyamaza, uwanja ni wetu. Mimi binafsi, kama ningekuwa upande ule mwingine, pesa za kesi ningezigeuza kuwa muda wa maongezi wa wenyeviti wa mitaa na wauguzi wa zahanati, wajibu simu. Lakini siko upande ule.

Tahadhari ya mwisho inahusu fedha. Usivutiwe na ndugu zetu wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", wala wa mikopo ya dakika tano kwa jina la tajiri maarufu inayodai kwanza "ada ya usajili". Hao ni wezi wa kawaida, wanajua wanachokitaka. Mvumishaji safi hapati kitu. Anawafukarisha wenzake kwa moyo mweupe, akiamini anawasaidia, na ukimuuliza kwa nini alituma atakwambia alitaka watu wachukue tahadhari.

Umeumbuka? Hutokea. Usiombe radhi, maana kuomba radhi kunakumbusha kosa. Usifute, maana kufuta kunaacha alama. Badilisha picha ya wasifu, weka ya maua. Kaa kimya siku tatu. Siku ya nne tuma dua ya asubuhi yenye jua linalochomoza, watu waitike amina. Siku ya tano, kundi likiwa limepoa, rudi kazini na kitu kidogo kisicho na hatia, kwa mfano ndimu na chumvi inavyoondoa kisukari kwa siku saba.

"Shikamoo bibi, nimeweka tiba hapo juu, wasaidie na wengine."

"Marahaba Juma. Nani kapona?"